Gari Likimisi, Uliza Linamisi Lini

Kama uko Kasikeu, Sultan Hamud au pande za Emali, sauti nitakayoizungumzia leo umeisikia mara nyingi. Probox limesimama kwenye steji, dereva anangoja abiria wa mwisho, na injini haitulii. Inanguruma, inashuka, inakaribia kuzima, kisha inaruka juu tena. Rozari iliyoning'inizwa kwenye kioo cha kati inacheza yenyewe. Abiria wa mwisho anapanda, dereva anakanyaga mafuta aingie barabarani, na gari linasita. Halikatai kuondoka, linasita tu, linakohoa mara mbili, halafu ndipo linajivuta.

Hapo kila aliyemo ndani anakuwa fundi. Makanga anasema ni plagi. Mzee aliyekaa mbele anasema ni petroli ya siku hizi. Kijana wa nyuma anasema ni nozeli, au ni sensa, au ni kompyuta imechoka. Na kwa kuwa mwenye gari naye hana la kusema, anazifuata kauli zote, moja baada ya nyingine. Ananunua plagi nne. Ananunua koili. Anasafishiwa nozeli. Mwisho wa mwezi pesa zimeisha na gari linamisi vilevile, ila sasa linamisi likiwa na plagi mpya.

Mimi nasema kosa haliko kwa fundi peke yake. Kosa liko katika namna tunavyomlipa. Akifungua na kufunga, akikupa kifaa kipya ndani ya boksi, unatoa pesa bila kunung'unika. Akitumia saa nzima akisikiliza, akichomoa waya huu na kurudisha ule, halafu akakwambia tatizo ni kipande cha mpira cha urefu wa kidole, unamwuliza: sasa hiyo nayo nikulipie nini? Kwa hiyo amejifunza kutopima. Amejifunza kubadilisha. Ni sawa na zahanati ambako kila mwenye homa hupewa dawa ya malaria bila kutolewa hata tone la damu: wengine watapona, na waliobaki watarudi wakiwa wamechoka zaidi.

Na magari yetu yanahitaji kupimwa kuliko ya watu wengine. Kanuni za Kenya haziruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Wanaoagiza hukaribia mpaka huo, kwa sababu gari likiwa na umri ndipo linapokuwa rahisi. Kwa hiyo linateremka bandarini Mombasa likiwa limekwisha kula miaka 6 au 7 Japani, linaanza maisha ya pili Nairobi, na Nairobi ikishalichoka ndipo linapoletwa huku kwetu kubeba watu sita, magunia mawili ya ndengu na kuku. Njia zetu za ndani ni vumbi jekundu msimu wote wa kiangazi. Mipira iliyoundwa kwa ajili ya baridi ya Osaka imepikwa na joto la boneti miaka 15. Shida zake haziwezi kuwa moja.

Lakini uzee si hukumu. Mwaka 1965 Joginder Singh, aliyekuwa fundi wa magari kabla hajawa dereva wa mashindano, alishinda Safari Rally pamoja na ndugu yake Jaswant wakiendesha Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika. Na wazee wa Ukambani wanaoapa kwa jina la Peugeot 504 hawaapi bure. Gari hilo lilishinda Safari mwaka 1975 na tena 1978. Gari kuukuu likijulikana lina nini, linakwenda.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Fundi anayejua haanzi na spana. Anaanza na neno moja: lini? Linamisi asubuhi likiwa baridi, au likishapata moto? Linamisi likiwa limesimama tu, au hata likikimbia? Ukikanyaga mafuta ghafla, au ukipanda mlima na mzigo? Ukiwasha AC linazidi? Lilianza kidogo kidogo, au lilianza siku moja, na siku hiyo gari lilifanyiwa nini? Hilo swali la mwisho ndilo wenye magari wengi wanalolikwepa. Hatusemi kwamba jana yake tuliosha injini kwa mashine ya presha, na maji yakaingia kwenye mashimo ya plagi. Hatusemi kwamba tuliishiwa njiani tukanunua petroli ya jerikeni. Mficha uchi hazai, msikilizaji. Mwambie fundi yote.

Kwa nini hilo la wakati lina uzito? Kwa sababu injini ya petroli inataka vitu vinne tu: hewa, mafuta, moto, na mgandamizo ndani ya silinda. Kila kimoja kikipungua kina saa yake ya kujionyesha.

Chukua gari linalotetemeka likiwa limesimama, lakini ukilipeleka barabara ya Mombasa na kufika kilomita 80 kwa saa linakwenda kama jipya. Dereva atakwambia, mbona likikimbia halina shida? Hapo amekupa nusu ya jibu bila kujua. Gari likiwa limesimama, kile kilango cha hewa kinachoitwa throto kimefungwa karibu kabisa, na pistoni zinavuta kwa nguvu kutoka nyuma yake. Hewa inayotakiwa wakati huo ni kidogo mno. Pakiwa na ufa kwenye mpira wowote ulio nyuma ya throto, hewa isiyopimwa inapenya, na kidogo hicho kwa injini inayohitaji kidogo ni kingi. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, petroli haitoshi, injini inayumba. Ukikanyaga mafuta, throto inafunguka, hewa inaingia kwa wingi, na ule ufa hauna maana tena. Ufa ni uleule, ila umemezwa.

Huu ndio ugonjwa ninaoudhania kwanza kwenye gari lenye umri, na ndio wa bei ya chini kuliko yote, na ndio unaotafutwa mwisho. Sijui tumerogwa na nani. Mipira ya kuangalia si mingi: ule mnene unaokwenda kwenye busta ya breki, ule unaorudisha mvuke wa oili kutoka kwenye kifuniko cha injini, vile vidogo vyembamba kama mrija wa soda, na gasketi iliyo kati ya manifoldi na kichwa cha injini. Washa gari, liache lingurume. Chukua chupa ya kunyunyizia, ile ya kupigia nguo pasi, yenye maji safi. Nyunyiza kidogo kidogo kwenye maungio ya mipira, mahali pamoja kwa wakati mmoja, ukiepuka waya, koili na viunganishi vya umeme. Ukifika penye ufa, maji yatauziba kwa sekunde chache na sauti ya injini itabadilika papo hapo. Wakati mwingine utasikia hata mluzi ukikatika. Wapo mafundi wanaotumia petroli au dawa ya kusafishia kabureta kwa kazi hii. Mimi sipendi. Ekzosi iko karibu na ina moto, na gereji zetu nyingi hazina hata ndoo ya mchanga.

Mpira mzuri? Basi fungua throto yenyewe. Kwenye gari lenye safari nyingi utaikuta imepakwa masizi meusi yenye mafuta, pande zote za kile kibati cha katikati, na njia ndogo ya hewa ya kungurumia imeziba. Dalili yake ni gari kuzima ukifika kwenye tuta au ukikaribia steji, au kuzima ukiwasha AC. Husafishwa kwa dawa yake na kitambaa laini. Ila kuna jambo moja la kumwambia mwenye gari mapema: magari yenye throto ya umeme hujizoesha masizi, na ukishaisafisha injini huweza kunguruma juu kupita kiasi mpaka kompyuta ijifunze upya. Wengi wanadhani fundi ameharibu, wanakimbilia kwa mwingine.

Haya, tugeukie moto. Kumisi kwa moto kuna mdundo. Injini yenye silinda nne ikipoteza moja, gari zima linapiga kama mtu anayechechemea, tu-tu-tu-pa, tu-tu-tu-pa, likiwa limesimama na hata likikimbia, na linazidi ukipanda mlima. Kuijua silinda iliyokufa si kazi. Kwenye Probox lenye injini ya 1NZ kila plagi ina koili yake juu. Zima gari, chomoa kiunganishi cha koili ya kwanza, washa, sikiliza. Injini ikizidi kuchechemea, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Zima, irudishe, nenda ya pili. Ukifika ile ambayo ukiichomoa hakuna kinachobadilika, umeipata. Usiliache gari lingurume muda mrefu namna hiyo, maana petroli isiyoungua inakwenda kuharibu katalisti kwenye bomba la moshi. Na kwenye Corolla za miaka ya 1990, zenye distributa na waya nene za plagi, usichomoe waya kwa mkono mtupu injini ikiwa inazunguka, labda unataka hadithi ya kusimulia.

Sasa angalia ninachokipenda kuliko yote. Silinda ya pili imekufa, usikimbilie dukani. Toa koili ya pili uiweke kwenye silinda ya tatu, ya tatu uiweke kwenye ya pili. Washa, pima tena. Kumisi kukihamia ya tatu, koili ndiyo mbovu, na umeijua bila kutoa shilingi. Kukibaki pale pale kwenye ya pili, hamisha plagi kwa njia hiyohiyo. Kukibaki bado, hapo ndipo unapofikiria nozeli au mgandamizo. Kuhamisha kifaa kutoka silinda hii hadi ile ni kipimo kisichohitaji mashine yoyote, na hata hivyo nimewaona watu wakinunua koili nne kwa mpigo.

Ukiishika plagi mkononi, isome. Ncha ikiwa na rangi ya biskuti, silinda hiyo ina afya. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi ya sufuria, mafuta ni mengi au hewa ni kidogo. Angalia chujio la hewa, na kwa vumbi letu usishangae ukilikuta ni jekundu hadi ndani. Ikiwa nyeusi na imelowa oili, oili inapenya kutoka kwenye ringi au sili za valvu. Ikiwa nyeupe kama chokaa, silinda ina joto kupita kiasi, mara nyingi kwa kukosa petroli ya kutosha. Usiishie kwenye ncha. Angalia na shimo ilikotoka. Kwenye zile Corolla za injini ya 5A ni kawaida kukuta plagi imezama kwenye dimbwi la oili, kwa sababu sili za kifuniko cha juu zimekauka. Oili hiyo inalainisha mpira wa waya, na moto unatorokea kando badala ya kufika kwenye ncha. Plagi mpya itafanya kazi wiki mbili, halafu mtarudi mlikoanzia. Ukitaka kuuona moto unaotoroka, fungua boneti usiku, zima taa zote, washa injini, usimame mbali kidogo. Waya mbovu utauona ukitoa cheche za buluu.

Kuhusu plagi za kununua, neno moja tu: bandia zimejaa madukani, zikiwa na boksi zuri kuliko la halali. Nunua kwa mtu utakayeweza kumrudishia.

Tuje kwenye kusita. Gari linalonguruma vizuri likisimama lakini ukikanyaga linafikiria, au linakata pumzi ukielekea milima ya Kilungu na mzigo, kwa kawaida lina njaa ya petroli. Mtu akisimama anakula kidogo. Injini vilevile, ikisimama haihitaji mengi, hata filta iliyoziba inaitosha. Ikidaiwa nguvu ndipo upungufu unapoonekana. Hapo hupimwa presha ya pampu, kwa geji, na si kwa kuchomoa bomba na kusema "naona inatoa vizuri". Kutoa si presha. Kifaa kingine cha kushuku ni sensa inayopima hewa, iliyo kwenye bomba baada ya chujio. Vumbi likishika kwenye ule uzi wake mwembamba, kompyuta inadanganywa kwamba hewa ni kidogo, nayo inatoa petroli kidogo. Husafishwa kwa dawa yake maalumu. Petroli na brashi ya meno vitaukata uzi huo.

Na mzee wangu mwenye pikapu ya 504 au Datsun ya kabureta, wewe una kipimo rahisi kuliko sisi wote. Zima injini, fungua chujio la hewa, chungulia kwenye koo la kabureta, mtu akanyage mafuta mara moja kwa nguvu. Unatakiwa kuona petroli ikirushwa papo hapo, mchirizi safi. Ikichelewa, ikidondoka tu, au isipotoka, ile pampu ndogo ya kabureta imechanika ngozi, na kusita kwako kote kunatoka hapo. Kabureta nayo haijui mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban sehemu moja kati ya sita kuliko ya Mombasa. Kabureta iliyotyuniwa Mombasa itatoa moshi mweusi ikifika Nairobi, na iliyotyuniwa Nairobi itakuwa na njaa ikishuka pwani. Sisi wa hapa tuko kati ya miji hiyo miwili, kwa hiyo gari lililonunuliwa upande wowote lityuniwe upya hapa.

Petroli yenyewe je? Yule mzee wa kiti cha mbele huenda ana haki. Uchanganyaji wa mafuta ya taa ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Septemba 2018 serikali iliyatoza ushuru wa shilingi 18 kwa lita, ili bei yake ipande na faida ya kuchanganya iishe. Maskini mwenye koroboi aliumia pamoja na mwizi, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine. Ukiwa na shaka, dondosha tone la petroli kwenye karatasi nyeupe uliache likauke. Petroli safi hupotea bila alama. Yenye mafuta ya taa huacha doa la greasi. Ya jerikeni itie kwenye chupa ya kioo uiache itulie: maji, kama yamo, yatazama chini na utauona mstari.

Mgandamizo nimeuacha nyuma makusudi, kwa sababu ndio habari mbaya. Geji inafungwa kwenye tundu la plagi, injini inazungushwa na stata, namba zinaandikwa. Silinda zikikaribiana, shukuru. Moja ikiwa chini sana, tia kijiko cha oili humo, upime tena. Namba ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya kichwa. Kama ni valvu zimebana tu, kurekebisha tapeti kunaweza kukuokoa. La sivyo, huo ndio wakati wa kukaa chini na kujiuliza kama injini hiyo inastahili pesa zako, na ni afadhali kujiuliza kabla ya kununua koili kuliko baada.

Nimeulizwa sana kuhusu mashine ya kompyuta. Ni nzuri. Magari mengi ya kuanzia miaka ya 2000 yana mahali pa kuichomeka chini ya dashibodi. Lakini mashine haitaji kifaa kibovu, inataja kilichoonekana. Ikisema P0302, inamaanisha silinda ya pili inamisi, basi. Ikisema P0171, inamaanisha kompyuta inaona hewa imezidi petroli. Mara ngapi watu wameisoma hiyo, wakabadilisha sensa ya oksijeni, wakati sensa ilikuwa imesema kweli na mhalifu ni ule mpira wenye ufa? Mleta habari ndiye aliyefukuzwa kazi. Na kabla hujaiamini dashibodi, geuza ufunguo bila kuwasha injini: taa ya injini lazima iwake, kisha izime gari likishika. Isipowaka kabisa, yawezekana aliyekuuzia aliitoa balbu.

Kwa hiyo fanya hivi. Patana na fundi bei ya kupima, peke yake, kabla ya bei ya kutengeneza, na umlipe hata kama alichokipata ni mpira wa shilingi 100. Mwambie akuonyeshe kilichomfanya aamini, na akurudishie kifaa cha zamani mkononi. Na kama gari lako linamisi asubuhi tu, usilipeleke ukitoka nalo nyumbani kwa kilomita kumi likiwa limeshapata moto, halafu ushangae fundi akikwambia haoni kitu. Lipeleke jioni, liache lilale gerejini, ili kesho alfajiri yeye awe wa kwanza kuliwasha.